Kitanda Kitupu na Sahani ya Sambaza

Ninyi vijana mnaonisimamisha njiani na kuniuliza mtu anakuwaje mwongozaji wa michezo ya jukwaani, mnanipa cheo ambacho si changu. Mimi nilikuwa msaidizi wa mwongozaji. Niliyemsaidia alikuwa Mgiriki, na kazi yangu kubwa kwa miaka yote ile ilikuwa kutoelewa anachotaka, kisha kuwaeleza wenzangu kwa Kiswahili. Sasa nimestaafu, nikiwa bado na nywele nyeusi za kutosha. Au tuseme kazi ndiyo iliyonistaafisha: Mgiriki amezeeka, magoti yake hayataki tena kupanda ndege, na bila yeye sina wa kumsaidia.

Nawaandikia haya kwa sababu ya mama mmoja muuza samaki na kilio alichokataa kulia. Nitamfikia. Lakini kwanza mjue tulikuwa watu gani.

Mama yangu mzazi hakuielewa kazi hii hata siku moja. Hapa Bukavu, wazee wakisikia neno Mgiriki wanakumbuka duka: vitenge, chumvi, makayabo. Mgiriki wangu alipofika mara ya kwanza na kukodi nyumba mtaa wa Muhumba, jirani mmoja alikuja na kapu kununua hayo makayabo, samaki wa chumvi. Alikaribishwa, akapewa kahawa, akasimuliwa habari za opera mpaka kahawa ikapoa. Alipotoka na kapu lake tupu alinikuta getini.

"Sasa, huyu anauzaka nini?"

"Nyimbo, Papa."

"Nyimbo? Na anakulaka?"

"Anakula."

"Bon. Atarudia ku makayabo," alisema, akaenda zake.

Jina la Mgiriki wangu ni Stavros, ila wanakorali, waimbaji wa kwaya ya parokia, walimwita Papa Stavro, naye akalipenda. Alizaliwa katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ugiriki, mtoto wa mwoka mikate. Alianza kwa kuvuta pazia kwenye jumba moja la michezo, na kwa njia ambayo alinieleza mara nyingi bila mimi kuishika, akafika kuongoza opera katika miji mikubwa ya Ulaya. Opera ni mchezo ambao watu wanaimba hata wanapoomba maji ya kunywa. Alinionyesha picha za kazi zake: kwaya nzima imefichwa chini ya sakafu, sauti zinatokea kwenye nyufa, malkia anaimba akiwa amelala kifudifudi, shujaa amevaa pijama. Nilimwuliza watazamaji walisemaje.

"Walinizomea," alisema kwa fahari.

Kwao, mchezo ukiisha, mwongozaji hutoka mbele ya watu, huzomewa, huinama kushukuru, kisha huenda kula. Akaniuliza kama watu wa hapa watamzomea. Nikamwambia hapa hatuzomei. Mtu akichoka anaondoka kwenda kuchota maji. Alisikitika kweli, nami sikujua jinsi ya kumfariji mtu anayesikitika kwa kukosa matusi.

Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa nimesoma. Chuoni niliandika tasnifu nene juu ya ukimya jukwaani, wakati huo sijawahi kukanyaga jukwaa. Kwenye mazoezi ya kwanza alimwambia mwigizaji wetu, "Usiigize. Fanya." Siku iliyofuata akamwambia huyo huyo, "Usifanye. Igiza." Nilitafsiri yote mawili kwa uaminifu, na mwigizaji akaniuliza kama nimekunywa. Kwa hiyo ninyi mtakaopata kazi kama yangu: mwongozaji akimaliza sentensi, vuteni pumzi kabla ya kutafsiri. Mara nyingi anaifuta mwenyewe.

Na mkikodi ukumbi, msiulize ukubwa wa jukwaa. Ulizeni paa. Mvua yetu ya alasiri ikipiga mabati, hata ungekuwa na sauti ya kasisi wa Pasaka, hasikii mtu. Waongozaji wengine husimamisha mchezo, watu wanatawanyika, unawakuta kesho. Papa Stavro alituamuru tubaki kama tulivyo. Binti mmoja alikuwa amenyoosha mkono kumlaani mumewe. Mvua ikaanza, akabaki na mkono juu, ukumbi mzima unamtazama, mpaka mabati yakanyamaza; ndipo akamalizia laana yake. Watu walipiga makofi kuliko siku zote. Papa Stavro alifurahi, akaenda kufanya vile vile huko Ulaya: akasimamisha opera katikati, waimbaji mikono juu, hakuna mvua, hakuna sababu. Alinipigia simu kuniambia kuwa hakuwahi kuzomewa vizuri namna ile.

Tulipopeleka mchezo Bunyakiri nilijifunza jambo la kugawa nafasi. Hadithi ilikuwa ya mfalme anayemhukumu kijana mwizi wa ng'ombe, na katika tukio la mwisho kijana anauawa. Mfalme wetu alikuwa mzaliwa wa kule. Alipotamka hukumu, mzee mmoja akasimama kati ya watazamaji, akavua kofia.

"Mfalme, samehe ye. Ni mutoto."

Mfalme akarudia hukumu, sauti imepungua.

"Minasema samehe ye. Weye unajua mi ni nani kwako."

Alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake mzazi. Mfalme alinitazama pembeni ya jukwaa nilikosimama na kitabu cha maneno. Nikamtazama Papa Stavro. Papa Stavro hakuelewa kitu, akanionyesha kidole gumba. Basi mfalme akamsamehe mwizi, mwizi akapiga magoti kushukuru, mchezo ukaisha nusu saa kabla ya wakati wake na bila maana yoyote, watu wakaenda nyumbani wameridhika. Msimpe ufalme mtu ambaye mjomba wake yuko ukumbini.

Nimewasimulia hilo ili mjue kwamba watu wetu, wakiwa ndani ya mchezo, hawakai tu. Mimi nilikuwa nalijua, na bado halikunisaidia.

Sasa Maman Nsimire. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na Jumapili alikuwa sauti ya kwanza ya korali. Papa Stavro alimsikia siku moja kanisani, akatoka nje kukaa kwenye ngazi, hata sadaka hakutoa. Alikuwa ameandika mchezo wake mwenyewe wenye nyimbo: vijana wa mji mmoja wamekwenda vitani milimani, farasi wao wanarudi bila wapandaji, mama mmoja anatandika kitanda kitupu cha mwanawe, na akina mama wengine wanakizunguka naye anaanzisha kilio. Farasi tuliwaacha. Watu wa Bukavu tuliwaambia pikipiki zimerudi peke yake, wakaelewa kuliko nilivyoelewa mimi. "Kilio hicho ndicho mchezo wote," Papa Stavro aliniambia. "Kabla yake tunapanda ngazi tu." Mama wa kitanda alimtaka Maman Nsimire, hakutaka mwingine.

Maman Nsimire aliimba kila kitu. Alipofika kwenye kitanda alifunga mdomo.

"Mbona ananyamaza?" Papa Stavro aliniuliza.

Nikasema amechoka. Siku nyingine nikasema ana mafua, naye akamletea asali. Asali ilipokwisha na mafua yangu ya kubuni hayajapona, ikabidi niende sokoni kumwuliza mwenyewe.

Nilipaswa kujua kabla ya kuuliza. Mtoto wake wa kwanza, Murhula, alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu. Mwanzoni alipiga simu, baadaye simu ikakata, na ikawa imekata moja kwa moja. Mtu mmoja akaja kusema shimo lilibomoka. Mwingine akasema amemwona huko Mwenga, ameoa, amenenepa. Maiti haikuletwa, wala neno la hakika. Murhula alikuwa ameacha kiwanja, parseli kama tunavyosema hapa, huko juu kilimani, msingi wa nyumba umeshachimbwa, na baba yake mdogo, Papa Mugisho, alikitaka. Wazee wa ukoo walimkatalia kwa neno moja: mama hajalia. Katika ukoo ule, mama akishalia mbele ya watu, mtoto amekufa, watu wanakaa matanga, kisha wanagawana alichoacha. Asipolia, mtoto yuko njiani, hata kama njia yenyewe hakuna anayeijua.

"Maman," nilimwambia, "ni mchezo tu."

Alikuwa anapima sambaza kwa kopo, wala hakuinua kichwa. "Mi najua iko mchezo. Weye unajua. Mugisho anajua?"

"Tutamweleza."

"Mueleze basi. Anakuya ku spectacle, na anakuya na bazee babili ba famille. Unafikiri banafwata mwimbo? Kama nililia pale, hata ya mchezo, asubuyi parseli ya mutoto wangu iko na mabati ya ye."

Nikafikiri kisomi. "Na ukilia kidogo tu?"

Hapo akaniangalia. "Kidogo? Eh, monsieur licencié! Kuko kufa kidogo?"

Wauza mboga za lengalenga wa pembeni walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo soko zima linaniita Licencié, yaani mwenye shahada.

Nilimweleza Papa Stavro, nikidhani atalifuta lile tukio. Akasema hiyo ndiyo sababu hasa Maman Nsimire anapaswa kulia: jukwaa ni mahali pekee duniani ambapo mtu analia na kesho yake hakuna kilichobadilika. Yalikuwa maneno mazuri. Niliyatafsiri vizuri.

"Muambie," alijibu Maman Nsimire, "ile fasi haiko huku."

Papa Stavro akacheka, halafu akaacha kucheka. Akauliza kama mama mwingine anaweza kuchukua nafasi. Wanakorali wote walitazama sakafu kama siku kasisi anapouliza nani atapiga deki. Hakuna aliyetaka kulia juu ya kitanda kitupu mbele ya Nsimire, maana wote walijua kitanda ni cha nani. Siku ya mchezo ikakaribia, nikamfuata mwongozaji wangu nimwulize tutafanya nini.

"Sijui," alisema, uso wake unang'aa. "Miaka mingi nimekuwa nikingoja nisijue."

Sikuwahi kumchukia kama dakika ile. Mimi nilichotaka kwa mwongozaji ni aongoze.

Mchezo ulifanyika alasiri katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Nguba. Mvua, kwa mara ya kwanza, haikuja, kana kwamba nayo inasubiri. Papa Mugisho alikaa mbele, koti la sherehe, mzee huku na mzee huku. Nilisimama pembeni ya jukwaa na maneno mkononi. Ngoma zikapiga, pikipiki zikarudi peke yake, kitanda kikaletwa, akina mama wakakizunguka. Ngoma zikanyamaza. Hapo ndipo pa kilio.

Maman Nsimire aliingia amebeba sahani iliyofunikwa. Hatukuwa tumepanga sahani yoyote. Akatandika blanketi, akapigapiga mto, akafunua sahani: bugali na sambaza za kukaanga, alizotoka nazo nyumbani chini ya kitenge chake. Mkumbuke hili mkiwa na senti chache za taa: harufu ya samaki wa kukaanga inafika mwisho wa ukumbi kabla ya mwanga wowote. Akaweka sahani kitandani, akaja ukingoni mwa jukwaa, akazungushia mdomo kiganja, akaita, kama wanavyoita mama zetu wote saa ya chakula kutoka mteremko mmoja hadi mwingine:

"Murhulaaa! We, Murhula! Bugali inapola!"

Chakula kinapoa. Hilo tu. Nilifunua karatasi zangu kutafuta tuko wapi. Hatukuwa popote.

Sasa ninyi mmekulia kwenye vilima hivi, mnajua kwamba mwito wa namna hiyo hauachwi hewani. Jirani akimwita mwanawe nawe umemwona kule chini akicheza, unajibu kwa niaba yake, mama apumzishe koo. Mwanamke mmoja nyuma kabisa, simjui hadi leo, akajibu:

"Anakuya!"

Mwingine upande wa dirisha: "Anakuya, Maman Murhula! Iko mu njia!"

Halafu ukumbi. Sijui nieleze vipi. Safu kwa safu, wanawake kwanza, wanaume baadaye, anakuya, anakuya, mumuwekee chakula, anakuya. Kijana mmoja akapaza sauti, "Na kama anakawia, mi nitamusaidia kukula!" na watu wakacheka, na Maman Nsimire mwenyewe akacheka, palepale jukwaani, huku anapitisha ncha ya kitenge machoni.

Papa Mugisho aliona kile kitenge. Akainuka nusu, shingo mbele, kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani. Kama ni chozi na wazee wamelihesabu kuwa kilio, kiwanja kimekwenda. Mzee wa kulia akamvuta koti.

"Ikala. Haukusikia? Batu yote banasema anakuya."

Papa Mugisho akakaa.

Baadaye, viti vikikusanywa, Papa Stavro alinishika mkono. "Alisema nini?"

"Alisema chakula kinapoa."

"Na watu?"

"Walisema anakuja."

"Nani?"

"Mwanawe."

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Hatujui."

"Basi kwa nini wamesema anakuja?"

Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na tasnifu juu ya ukimya. Nilifungua mdomo, nikaona nimebaki na tasnifu tu.

Papa Stavro alikwenda na lile tukio. Akaligeuza opera, kule Athene, katika jumba lenye viti vya mahameli, na mara hiyo akanipeleka niwe msaidizi wake huko huko. Nilichochangia ni kukataa samaki wa plastiki. Wenye jumba wakakataa moto jukwaani, tukakubaliana samaki watoke mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Mwimbaji mkubwa, mwanamke wa sauti ya kutisha, alitandika kitanda, akaweka sahani, akaja ukingoni, akamwita mwanawe kwa Kigiriki. Vyombo vikanyamaza. Papa Stavro alikuwa amemwagiza abaki hivyo, kiganja mdomoni, mpaka kitu kitokee.

Hakikutokea kitu. Watu walikohoa. Walikunja nne. Mimi nilikaa katikati yao na suti ya kuazima, najua ni opera, najua yule mama analala hotelini na mtoto hana. Lakini mwanamke anaita mtoto wake chakula kinapoa na ukumbi mzima umekaa kama haumsikii. Nilivumilia nilivyoweza. Nikajikuta nimesimama.

"Anakuya, Maman! Iko mu njia!"

Sauti yangu, ambayo hata kwaya ya shule ilinikatalia, ikapanda hadi kwenye taa za vioo. Mwanamke wa kiti cha pembeni akahamisha mkoba wake. Mlinzi akaja, akasimama karibu yangu bila kujua sheria inasemaje. Yule mwimbaji akanitafuta kwa macho, akashusha kiganja, akaendelea. Mwisho nusu ya watu walipiga makofi na nusu walizomea, na Papa Stavro akatoka akainama kama anayebarikiwa. Kesho yake aliniomba nirudie. Nilirudia, kwa sauti ile ile, mahali pale pale. Haikuwa chochote. Ninyi mtakaoucheza mchezo huu baada yetu, msimpange mtu wa kujibu. Kama hakuna anayejibu, mwacheni mama asimame.

Niliporudi Bukavu nilipita sokoni na begi langu kabla ya kufika nyumbani. Murhula hajaja, hata leo ninapoandika hajaja. Kiwanja kipo. Papa Mugisho amekipanda maharage, lakini hajathubutu kuweka tofali. Nilimweleza Maman Nsimire kwamba Ugiriki kuna mama amemwita mwanawe kama yeye, mbele ya watu wengi.

"Na balimujibu?"

"Walimjibu."

"Banani?"

"Mimi."

"We peke yako?"

"Peke yangu."

Alicheka mpaka akaweka kopo chini. "Licencié! Na sauti ile yako ya kuku?" Kisha akaacha kucheka. "Ulisema namna gani? Sema vile ulisema."

Nikasema, kwa sauti ya chini, maana tulikuwa sokoni.

"Hapana. Nguvu. Vile ulisema kule mbele ya bazungu."

Nikaweka begi chini. "Anakuya, Maman! Iko mu njia!"

Na kutoka kwa wauza lengalenga, na kutoka upande wa makaa, bila hata mmoja kuinua kichwa, sauti zikajibu kama watu wanaoitikia misa: "Anakuya!"

Maman Nsimire alitikisa kichwa, ameridhika, akalichukua tena kopo lake. Nilisimama pale, nisijue kama nimetoka kazini au ndiyo kwanza nimeingia.

"Bon, Licencié," aliniambia, "sasa toa ile begi. Unafungia batu njia."